Imani ya Toleo Lijalo

Mtu akijua kwamba nakusanya majarida ya kale ya elimu za siri, huniuliza: "Kwani wewe unayaamini hayo?" Jibu lake ni fupi. Mimi ni Mwislamu wa Unguja, mzaliwa wa mtaa wa Malindi, na umri wangu wote sijaona meza ikipaa wala sijapokea barua ya walii wa Tibet. Swali lililonifanya niyapende majarida haya ni jingine, nalo halina jibu fupi. Mtu anayetaka kumjua Mungu, au kujua alikokwenda mwanawe aliyefariki, je, ataridhika akiletewa ushahidi?

Nilikutana na swali hilo kazini. Kabla ya kustaafu nilikuwa fundi wa kutengeneza vitabu vilivyochakaa katika maktaba moja ya London. Hakuna aliyenitaka nivisome, lakini gundi ya wanga haikauki kwa kuharakishwa, na anayengoja ikauke husoma kilicho mbele yake. Mara nyingi kilikuwa juzuu nene la miaka ya 1880, mgongo wa ngozi na herufi za dhahabu, na ndani yake mabishano juu ya roho, kuzaliwa upya, nyota na siri za Misri. Baadaye nikaanza kununua yangu mwenyewe, hasa katika uchochoro wa Cecil Court, ambako duka la Watkins lipo tangu mwaka 1901. Mwanzilishi wake, John Watkins, alikuwa rafiki wa Helena Blavatsky, yule mwanamke wa Kirusi ambaye jina lake haliepukiki kwa yeyote anayeingia katika mambo haya.

Kwa asiyeyajua, historia yake ni hii. Mwaka 1848, katika kijiji cha Hydesville, jimbo la New York, wasichana wawili wa familia ya Fox walisema kuna roho inayowajibu kwa kugonga ukuta. Habari ikaenea kama moto wa makuti. Haukupita muda mrefu magazeti yakazaliwa: Banner of Light mjini Boston mwaka 1857, na Revue Spirite ya Allan Kardec mjini Paris Januari 1858. Oktoba 1879 Blavatsky na mwenzake, Kanali Henry Olcott wa Marekani, wakatoa The Theosophist mjini Bombay. Baadaye walilihamishia Adyar, karibu na Madras, na mpaka leo linachapishwa huko. London ikapata Light mwaka 1881, kisha Lucifer mwaka 1887. Jumuiya ya Theosofia, ya Blavatsky na Olcott, ilivuka bahari pamoja na Wahindi, ikapata matawi hata katika miji yetu kama Nairobi na Dar es Salaam. Kwa hiyo haya mambo si mageni kwetu kiasi tunachodhani.

Fundi huyatazama majarida haya kwa jicho lake. Kila toleo lilitoka na jalada jepesi la karatasi, limejaa matangazo. Juzuu lilipokamilika, mchapishaji alitoa ukurasa wa jina na faharasa, na mwenye kutaka alinunua kasha la kitambaa lenye jina mgongoni. Alipeleka matoleo yake kwa mjalidi, naye akayang'oa majalada ya karatasi, akayatupa pamoja na matangazo, akashona, akapunguza kingo kwa kisu, akafunga. Ndiyo maana majuzuu mengi yaliyobaki yana mafundisho matupu, kana kwamba waliokuwa wakiyasoma walikuwa roho zisizo na matumbo. Mimi natafuta yale machache ambayo mjalidi aliyahurumia majalada yake, akayakusanya na kuyashona mwishoni. Humo ndimo mna watabiri wa nyota na saa zao za kupokea wageni, waganga wa sumaku na ada zao, na vyumba vya kupangisha kwa "mtu mwenye mwelekeo wa kiroho". Dini ina anwani, ina bei, ina kodi ya nyumba. Anayekupa mafundisho bila hivyo amekupa nusu.

Hali yao sasa ni ya kusikitisha. Ngozi ya wakati huo ilidabaghiwa kwa haraka, kisha ikakaa miaka mingi katika moshi wa makaa na taa za gesi. Asidi imeila, na ukiishika inakuachia vumbi jekundu viganjani. Karatasi ya bei nafuu iliyotengenezwa kwa mti uliosagwa imekuwa ya manjano, na pembe zake zinakatika ukifungua. Watu waliotaka kuthibitisha kwamba hakuna kinachokufa waliandika juu ya kitu kinachokufa upesi kuliko vyote.

Rafuni kwangu kinachowashtua wageni ni Lucifer. Jarida hilo lilifikia juzuu 20 kabla ya kubadilishwa jina mwaka 1897. Wahariri wake, Blavatsky na Mabel Collins, walijua wameteua jina la balaa, kwa hiyo makala ya kwanza kabisa ilikuwa ya kujitetea: walikusudia nyota ya alfajiri, iletayo nuru. Shangazi yangu alipokuja kututembelea kutoka Unguja hakuhitaji makala hiyo. Alivaa miwani, akasoma herufi za dhahabu, akanigeukia.

"Mwanangu, jina gani hili unaliweka ndani ya nyumba inayosomwa Kurani?"

"Ni gazeti tu, shangazi. Wenyewe wanasema ni nyota ya alfajiri."

"Nyota ya alfajiri ina jina lake. Hili ni la yule."

Akaomba shuka, akaifunika rafu nzima, na shuka lile lilikaa pale mpaka alipoondoka.

Sikumcheka, kwa kuwa najua anakotoka. Pwani yetu ina vitabu vyake vinavyoogopwa. Shams al-Maarif ya al-Buni, mwandishi wa karne ya 13, wapo wasiokubali kulala nacho paa moja, na wapo wanaokifungua usiku kwa haja zao na kukikana mchana. Vitabu vya falaki vya Abu Maashar vimepigiwa hesabu za ndoa na safari nyingi kuliko watu wanavyokiri. Shangazi anaamini kitabu kinafanya kazi hata kikiwa kimefungwa. Mimi nimevifungua vitabu vingi mpaka kwenye uzi, na sijapata humo ila karatasi, wanga na pamba. Hata hivyo kuna jambo shangazi aliliona ambalo mimi nilichelewa kulitia maanani: unachokiweka karibu nawe kila siku kinakufundisha kutaka. Nitalirudia.

Katika majuzuu yote, yanayonishika moyo zaidi ni ya Banner of Light. Lilikuwa na safu maalumu ya risala za wafu, zilizopokewa na Bi Conant, ambaye kwetu angeitwa kiti, yaani mtu anayepandwa na roho. Maiti alijitaja jina, umri, mji aliotoka na ugonjwa au risasi iliyomuua, kisha akatuma salamu kwa mama au mke. Wahariri waliwaomba wasomaji wanaomtambua marehemu waandike kuthibitisha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, viliua watu zaidi ya laki sita, wengi wakazikwa bila jina mbali na kwao. Fikiria basi mama wa Vermont au Ohio anayepitisha kidole kwenye safu ile kila wiki, akitafuta jina moja. Anayecheka hapo hajazika.

Vita Vikuu vya Kwanza vilirudisha jambo lilelile Uingereza. Sir Oliver Lodge alikuwa mwanafizikia mkubwa, mmoja wa walioweka misingi ya simu isiyo na waya. Mwanawe Raymond aliuawa karibu na Ypres Septemba 1915. Mwaka uliofuata Lodge alichapa kitabu chenye jina la kijana huyo, akieleza mazungumzo yake naye kupitia viti mbalimbali. Kitabu hicho kimejaa vikao, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kina maelezo yanayopimwa: picha fulani, jina fulani, jambo ambalo kiti asingeweza kulijua. Ninapokisoma najiuliza swali moja. Ikiwa kikao cha kwanza kilithibitisha, cha pili kilikuwa cha nini? Na cha tatu? Mwanasayansi atasema anarudia jaribio. Baba atasema anataka kumsikia tena. Ndani ya Lodge walikaa wote wawili, na naona aliyeendesha alikuwa baba.

Sasa tuje kwenye ushahidi wenyewe, kwa sababu majarida haya hayakuchoka kuudai. Mwaka 1881 Alfred Sinnett, mhariri wa gazeti la Allahabad, alitoa kitabu chenye barua za Koot Hoomi, aliyesemekana kuwa bwana mwenye hekima anayeishi Tibet. Mwaka 1883 Mmarekani Henry Kiddle aliandika kwenye Light kwamba sehemu ya barua mojawapo ilitoka katika hotuba aliyoitoa yeye mwenyewe Agosti 1880. Watetezi wakaja na maelezo: bwana alipeleka maneno kwa njia ya fikra kwa mwanafunzi kijana, na mwanafunzi aliyapokea vibaya. Waliotaka kuamini wakaridhika. Wasiotaka wakapata kicheko cha mwaka mzima.

Mwaka 1884 jarida la wamisionari wa Madras likachapa barua zilizodaiwa kuwa za Blavatsky, zinazoonyesha jinsi miujiza iliyodaiwa kutokea Adyar ilivyopangwa. Chama cha utafiti wa mambo ya roho cha London kikamtuma Richard Hodgson kwenda kuchunguza. Ripoti yake ilitoka Desemba 1885, ndefu na nzito, ikamhukumu Blavatsky kuwa mdanganyifu. Ungedhani kesi imefungwa. Mwaka 1986, jarida la chama kilekile likachapa uchambuzi wa Vernon Harrison, mtaalamu wa nyaraka za kughushi, akisema kazi ya Hodgson ilikuwa ya upendeleo na haikuthibitisha ilichodai. Karne moja imepita, wahusika wote wamekwisha kufa, na bado upande wa pili una jibu. Hata Margaret Fox, mmoja wa wale wasichana wa Hydesville, alipanda jukwaani New York Oktoba 1888 akakiri kwamba sauti zile zilikuwa za vidole vya miguu yake. Mwaka uliofuata akafuta kauli. Leo kila upande unamtaja kama shahidi wake.

Hapo ndipo nilipoanza kuliona umbo la jarida lenyewe kama hoja. Msahafu umekamilika kati ya majalada mawili. Jarida kwa tabia yake haliwezi kukamilika, kwani makala bora kabisa huishia na neno "itaendelea". Msomaji aliyelipia mwaka mzima amelipia kutofika. Ushahidi wa mwezi huu ukimtosha, mwezi ujao hatanunua. Simaanishi kwamba wahariri walikuwa walaghai; wengi walitumia fedha zao wenyewe na wakafa maskini. Nasema kwamba umbo walilolichagua lilihitaji kiu, na kiu ilipokatika jarida lilikufa.

Linganisha na kwetu. Katika miaka ileile ya 1880, Zanzibar ilikuwa inaipokea tarika ya Kadiria ya Sheikh Uways wa Barawa, na wanavyuoni wa Alawiya kama Sayyid Ahmad bin Sumeit wakifundisha. Babu yangu alikuwa mtu wa dhikri. Uradi wake alipewa na sheikh kwa ijaza, ana kwa ana, idadi yake na wakati wake, na hatukuwahi kuuona umeandikwa. Sheikh anaweza kumwambia murid, yaani mwanafunzi wake: "Bado. Rudi nyumbani kamtunze mama yako, kisha tutasema." Jarida haliwezi kutamka hivyo kwa msomaji wake. Halimjui mama yake, na linasubiri ada ya mwaka.

Waliojaribu kuilinda siri dhidi ya chapa walishindwa kwa kishindo. Aleister Crowley alipotangaza kuwa jarida lake la The Equinox litachapa ibada za siri za chama cha Golden Dawn, mkuu wa chama hicho, Samuel Mathers, alikwenda mahakamani mwaka 1910 kumzuia. Alipata amri ya zuio, rufaa ikaitengua, na toleo la tatu likatoka na siri zake. Tangu hapo yeyote mwenye fedha ameweza kuzisoma ibada zile akinywa chai. Sijasikia kwamba idadi ya mawalii London imeongezeka.

Lakini nisiipake rangi nyeupe njia ya babu. Murid hana safu ya barua kwa mhariri. Sheikh akiwa mbaya anaweza kula mali na utu wa watu, na anayenyanyua sauti akaambiwa ana upungufu wa adabu. Kiddle, mtu wa nje asiye na cheo, aliandika malalamiko yake yakachapwa, na watu wa Sinnett wakalazimika kujibu hadharani. Hiyo ni heshima ya majarida haya, na ni kubwa. Pwani yetu nayo iliionja. Al-Manar, jarida la Rashid Rida lililoanza Cairo mwaka 1898, lilisomwa huku, na Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti la al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, alimpa Mwislamu wa kawaida nafasi ya kuuliza kwa maandishi yale ambayo mbele ya mzee aliyevaa joho asingethubutu.

Nilisema nitalirudia lile aliloliona shangazi, kwamba unachokiweka karibu nawe kinakufundisha kutaka. Majarida mengi ya aina hii yamekwisha kupigwa picha, na mtu anaweza kuyasoma kwenye kompyuta bila kulipa senti. Nami bado nayatafuta ya karatasi. Ukinipa juzuu la tano nitaulizia la sita. Ukinipa seti nzima nitaulizia yenye majalada ya asili. Ukinipa hiyo nitataka ile yenye sahihi ya mwenyewe kwenye ukurasa wa mwanzo. Mkusanyaji na mtafuta ushahidi ni ndugu wa ziwa moja. Kila mmoja anaamini kwamba pengo likizibwa atatulia, na pengo lina watoto. Jini ambaye shangazi alimfunika kwa shuka hakuwamo katika jina la mgongoni. Alikuwa katika nafasi tupu kati ya juzuu na juzuu.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Ushahidi ni haki ya kila anayedaiwa kitu. Mtu akikutaka mali, utiifu au bintiyo kwa jina la ulimwengu usioonekana, mdai ushahidi, mdai hadharani, na usikubali kunyamazishwa kwa neno adabu. Kwa kazi hiyo hakuna silaha bora kuliko kalamu na safu ya barua. Lakini usitarajie ushahidi ukulaze usingizi. Aliyepotelewa na mtoto hatulizwi na risala iliyohakikiwa. Anatulizwa, kama atatulizwa, na watu waliomkalia matanga, na sala anayoisimamisha wakati hana hamu nayo, na Mola ambaye ameamua kumtegemea bila kumdai risiti. Wanaochanganya kazi hizi mbili hupata hasara pande zote: humtegemea tapeli, kisha humdai Mungu hati.

Nina ombi kwa msomaji. Majumbani mwetu, Unguja, Lamu, Mombasa na Tanga, mna masanduku yenye magazeti ya dini ya mababu: matoleo ya al-Islah, vijitabu vya mawaidha, majibizano ya maulamaa juu ya maulidi na mwezi mwandamo. Wengine huyachoma kwa hofu, kwa kuwa yana majina matukufu na yanaliwa na mchwa. Usiyachome. Yatoe kwenye unyevu, yaweke kwenye boksi kavu lisilopigwa jua, usitumie gundi ya plastiki wala utepe wa kunata, na ukipata uwezo yapeleke kwa fundi akayajalidi. Ukimpelekea, mwambie jambo moja kabla hajashika kisu: majalada ya karatasi, matangazo na barua za wasomaji visitupwe. Wajukuu wetu watapata mafundisho ya wazee popote. Watakachokosa ni maswali yao.